Sabuni ya rangi mbili kwa mawese mekundu na makala

Mawese mekundu yana rangi yake tayari. Ukiyatia kwa kipimo kizuri, sabuni inatoka ya chungwa iliyokolea bila rangi yoyote ya dukani, na makala yaliyosagwa yanaichora mistari myeusi. Njia yenyewe ni ile ya baridi: mafuta na maji ya soda (soda kostiki iliyoyeyushwa ndani ya maji) yanachanganywa yakiwa vuguvugu tu, kisha sabuni inajipika yenyewe ndani ya kisanduku.

Vipimo vya vipande 12:

- mawese mekundu, gramu 150
- mawese meupe yaliyosafishwa, gramu 350
- mafuta ya palmisti (ya kokwa za mchikichi), gramu 250
- mafuta ya alizeti, gramu 200
- mafuta ya mnyonyo, gramu 50
- soda kostiki, gramu 141
- maji, gramu 300
- mafuta ya harufu: mkaratusi gramu 15, mchaichai gramu 10
- makala laini, kijiko kimoja cha chai

Pima kila kitu kwa mizani, hata maji. Lita moja ya mafuta ina uzito wa gramu 920 hivi, si 1000. Anayepima mafuta yote kwa lita anapungukiwa gramu 80 bila kujua. Soda inabaki bila mafuta ya kutosha na sabuni inakuja kuchoma ngozi. Kila mafuta yanakula soda kwa kiasi chake: gramu moja ya mawese inahitaji gramu 0.142, palmisti 0.176, alizeti 0.135, mnyonyo 0.128. Ukibadilisha mafuta, zidisha upya, jumlisha, kisha punguza asilimia 5 ya soda. Hayo mafuta yanayobaki bila kuliwa ndiyo yanayolinda ngozi.

Mawese ya soko la Virunga, hapa Goma, mara nyingi yana maji na mashapo chini. Yapashe moto mdogo, yaache yatulie, mimina ya juu tu kupitia kitambaa na uache ya chini kabisa. Maji yakibaki humo, mizani inakuhesabia maji kama mafuta. Soda nayo iwe kavu na safi. Iliyoshikana mabonge imekwisha kunyonya unyevu wa hewa na nguvu yake haijulikani tena. Ile ya kuzibua mabomba yenye vipande vya chuma ndani usiiguse kabisa.

Masufuria ya alumini yaweke kando. Soda inaila alumini, inatoa povu na gesi ya hidrojeni inayoshika moto. Tumia inoksi (chuma kisichoshika kutu) au ndoo ngumu ya plastiki yenye namba 5 chini yake. Kwa sababu hiyohiyo, pakiti za maziwa ya muda mrefu hazifai kuwa kisanduku: ndani zina karatasi ya alumini. Kisanduku cha mbao cha sentimita 25 kwa 8 kwa 8, kilichotandikwa karatasi ya kuokea, kinatosha.

Maji ya ziwa Kivu yana magnesiamu nyingi, nayo inageuza sehemu ya sabuni kuwa utando usiotoa povu. Nunua maji yaliyoondolewa madini, yale ya kuongezea kwenye betri, na usome chupa mara mbili: tindikali ya betri inauzwa hapohapo, na ikikutana na soda inarukaruka na kuunguza.

Vaa glavu, miwani na mikono mirefu, fungua madirisha, watoto wabaki nje. Soda ndiyo inamiminwa ndani ya maji, kidogokidogo, huku unakoroga. Usimwage maji juu ya soda hata siku moja, yatachemka ghafla na kukurukia. Mchanganyiko utapanda zaidi ya nyuzi 80 na kutoa mvuke mkali, geuza uso. Weka karibu bidoni iliyojaa maji kabla hujaanza, hasa siku ambazo bomba limekauka. Soda ikigusa ngozi, suuza kwa maji mengi dakika 20. Siki si dawa ya ngozi iliyoungua.

Sasa joto, na hapa ndipo wengi wa Goma wanakosea. Mawese yanaanza kuganda yakipoa, na asubuhi zetu ni za baridi. Ukichanganya kwa nyuzi 28, uji (mchanganyiko wa mafuta na maji ya soda) unakuwa mzito haraka, unadhani umeiva, kumbe ni mawese tu yaliyoganda. Unamimina, na kesho yake unakuta vidoa vyeupe, au mafuta yamejitenga juu na maji ya soda yamebaki chini. Yeyusha mafuta yote mpaka yawe maangavu, yaache yashuke hadi nyuzi 40, na maji ya soda yawe hapohapo karibu. Mimina maji ya soda ndani ya mafuta, koroga. Mashine ya mkono itamaliza kwa dakika chache. Umeme ukikatika, mchapo wa waya unaweza kuchukua dakika 30 au zaidi. Ukiwa na shaka, weka chombo ndani ya maji ya moto: uji wa uongo unarudi kuwa mwepesi, uji wa kweli haurudi.

Kwa mapambo, acha kukoroga mapema. Inua mwiko: mchirizi ubaki juu ya uji kwa sekunde chache tu, kisha uzame. Tia harufu, koroga kwa mkono. Theluthi moja iweke pembeni na uitie makala, yaliyopepetwa kwa kitambaa na kulainishwa kwanza kwa kijiko cha alizeti kutoka kwenye zile gramu 200. Mimina nusu ya uji wa chungwa kisandukuni. Mimina nyeusi kwa mstari mwembamba, ukianzia juu kama sentimita 25 ili izame, kisha ukishuka. Funika kwa chungwa iliyobaki. Pitisha waya wa chuma uliopindwa, mara tatu tu. Ukizidisha, rangi zinakuwa matope.

Marashi ya chupa yenye alkoholi hayafai, yanaweza kugandisha uji ghafla na harufu inapotea. Karafuu inaharakisha mno, isizidi gramu 3. Juisi ya limau haiachi harufu na inakula soda uliyoipima. Maua ya waridi juu yanageuka kahawia. Punje chache za kahawa zinapendeza zaidi. Mawe ya lava yaliyosagwa yana ncha kali, yanachana ngozi, yaache barabarani.

Funika kwa plastiki kisha blanketi, saa 24. Unga mweupe juu ni soda iliyokutana na hewa, kwangua tu. Kata baada ya saa 24 hadi 48, ukiwa bado na glavu, kwa kisu kisicho na meno. Panga vipande vikiachana, kwenye rafu ya mbao yenye upepo, mbali na jua kwa sababu mwanga unafifisha rangi ya mawese. Wiki 4 ndizo za chini. Msimu wa mvua, 6. Pima kipande kilekile kila wiki, uzito ukiacha kushuka, sabuni iko tayari.