Kwenda warsha ya usanifu wa kurasa na timu ya kitabu cha mwaka

Mimi ni mwalimu mlezi wa timu ya kitabu cha mwaka, kile cha picha na kumbukumbu za mwaka wa shule, na kwangu warsha huanza wiki moja kabla ya safari. Keti na wanafunzi, fungueni kitabu kilichopita, kila mmoja achague kurasa mbili zinazotazamana anazotamani kuzipanga upya. Hizo ndizo za kwenda nazo. Anayefika mikono mitupu hujaza daftari tu.

Bebeni picha zenu wenyewe, zikiwa na ukubwa wake wa awali. Zilizopitia kwenye simu ya huyu na yule huwa zimebanwa, na uchapaji mzuri unataka pikseli 300 kwa inchi.

Mkufunzi akigusia picha kuu, wekeni kalamu chini mtazame. Picha moja iwe kubwa angalau mara mbili ya nyingine yoyote, jicho lipate pa kuanzia. Wanafunzi wangu walikuwa wakipanga picha nane za ukubwa mmoja ili asionewe mtu. Tulipokuza moja tu, ya msichana akivuka mstari wa mwisho wa mbio, chumba kizima kilinyamaza. Nayakumbuka macho yao hadi leo.

Ulizeni kuhusu milimita 3 za ziada pembeni mwa ukurasa, zinazokatwa kiwandani, na kuhusu mshono wa katikati, kurasa mbili zinapokutana; uso wa mtoto usiangukie hapo kamwe.

Fonti mbili zinatosha.

Msiondoke kabla ya kumaliza kurasa mbili na kuzihifadhi kama kiolezo. Kesho yake shuleni, anzeni nazo.