Jinsi ya kujua kama picha ya zamani ya John Jay ni ya kuchongwa kweli

Nyie mlioko Marekani mnaopenda kuzunguka kwenye masoko ya vitu vya kale, ukikutana na picha ya mwanasiasa wa enzi za kina Washington inayosemekana ni ya kuchongwa, yaani imechapwa kwa bamba la chuma lililochongwa kwa mkono, usianze na rangi ya karatasi. Ukahawia hauthibitishi kitu, hata chai inaleta rangi ile ile na wauzaji wengine wanajua. Anza na wino.

Tuchukue John Jay, jaji mkuu wa kwanza wa Marekani, 1789 hadi 1795, halafu akawa gavana wa New York. Picha yake moja ilichongwa na Asher Durand kwa ajili ya vitabu vya watu mashuhuri ambavyo Longacre na Herring walianza kuvitoa 1834. Watu walivichana vitabu hivyo wakauza kurasa mojamoja, ndo maana zinapatikana, na ndo maana usikubali bei ya kuruka.

Chukua lenzi ya sonara ya mara 10, inatosha kabisa. Nenda usoni kwanza. Mchongaji wa kipindi hicho alikuwa anaijenga ngozi kwa vinukta, shavuni vimeachana, kwenye kivuli cha pua vimesongamana, havilingani ukubwa, ila nguo mara nyingi ni mistari inayonenepa na kukonda kwa jinsi mkono ulivyokandamiza chuma, na ukishaiona kazi hiyo kwa karibu utaelewa kwa nini watu tunazipenda hivi. Sasa ukikuta nukta zimejipanga sare kama wavu, usoni, kwenye koti, mpaka kwenye herufi, hiyo imechapwa kwa njia ya kamera, mambo yaliyoenea mwishoni mwa karne ya 19, so lipa bei ya postikadi tu.

Halafu inamisha karatasi kwenye mwanga wa pembeni, wino wa bamba huwa umeinuka kidogo. Alama ya ukingo wa bamba, yaani mbonyeo uliobaki kwenye karatasi kuzunguka picha, ni nzuri kuiona lakini isikutoshe peke yake, inaweza kuigizwa, na kwenye kurasa za vitabu mara nyingi ilishakatwa.

Chini ya picha soma majina, la mchoraji kwa kawaida liko kushoto, la mchongaji kulia likiwa na "sculp." (kifupi cha Kilatini, "alichonga") au "engraved by". Na ukikuta saini ya Jay hapo chini usidanganywe kwamba aliweka mwenyewe, imechongwa pamoja na picha, yeye alifariki 1829.

Ukishanunua usipunguze kingo hata kama zimechakaa, sehemu ya ushahidi iko hapo. Madoa ya kahawia usiyasugue, mpelekee fundi wa kuhifadhi karatasi. Kwenye fremu weka kadibodi isiyo na asidi, kioo kisiguse picha, selotepu usiikaribishe kabisa, na itundike ukuta usiopigwa na jua.