Unaenda Ujerumani kujitolea kufundisha watoto kupitia kanisa? Soma hii kabla hujanunua begi

Vijana wa hapa Moshi wananipigia sana, wengi ni wa kwaya na walimu wa Shule ya Jumapili, wamesikia tangazo usharikani kwamba wanatafutwa vijana wa kwenda Ujerumani kujitolea mwaka 1, na swali la kwanza karibu wote ni viza. Mi nawaambia viza ni ya mwisho. Nilikaa kule mwaka mzima kwenye chekechea ya kanisa upande wa mashariki, na vitu vilivyonisumbua sio vile nilivyokuwa naviogopa nikiwa nyumbani.

Kwanza njia. Kwa sisi Walutheri njia ya uhakika ni kanisa kwa kanisa. Wamisionari wa Leipzig walifika Machame mwaka 1893 na mpaka leo huo undugu upo, sharika na majimbo mengi ya huku yana marafiki kule, kwa hiyo anza kwa mchungaji wako, yeye akupeleke jimboni, jimbo likupeleke dayosisi. Usiruke ngazi, maana barua ya mchungaji utaombwa tu. Nafasi nyingi zinapitia mpango unaoitwa weltwärts, unagharamiwa na serikali ya Ujerumani, ulianza 2008 kwa Wajerumani kuja huku na tangu 2013 na sisi tunaenda kule, umri ni miaka 18 mpaka 28. Kwenye mpango wa namna hiyo tiketi, bima na pa kulala unagharamiwa na hela ya mfukoni unapewa. Sasa mtu akikupigia eti tuma laki 3 kwa namba hii nikushughulikie fomu, kata simu, hata kama anajiita mchungaji.

Paspoti anza nayo hata kabla hujapitishwa. Unajaza mtandaoni, unahitaji namba ya NIDA, cheti chako cha kuzaliwa, na cha mzazi au kiapo, jumla unalipa 150,000, alafu ofisi ya uhamiaji ya mkoa iko hapahapa Moshi na wa Arusha wana ya kwao. Watu wengi hawakwami kwenye hela, wanakwama kwenye majina. Cheti cha kuzaliwa kinasema Aikael, cha form four kinasema Aikaeli, NIDA wameweka jina la babu mwisho, hapo tayari ni wakili na kiapo na wiki zinakatika. Toa vyeti vyako vyote leo, viweke mezani, soma herufi moja moja. Na cheti cha tabia njema cha polisi ulizia mapema, kazi ya kukaa na watoto kule hawakupi bila hicho.

Alafu kuna hii ambayo hakuna mtu aliniambia: surua. Tangu Machi 2020 Ujerumani ina sheria kwamba yeyote aliyezaliwa baada ya 1970 anayefanya kazi chekechea au shuleni lazima aonyeshe ana kinga ya surua, yani dozi 2 zimeandikwa kwenye kadi, au kipimo cha damu kinachoonyesha kinga ipo. Huku kwetu dozi ya pili iliingia kwenye ratiba ya watoto mwaka 2014, kwa hiyo kama wewe umezaliwa 2002 kadi yako ya kliniki inawezekana kabisa ina dozi 1, na hiyo ni kama mama aliitunza, mimi ya kwangu ililiwa na mchwa. Ukifika bila hiyo karatasi huruhusiwi kuanza kazi. Nenda hospitali ukiwa bado huku, omba chanjo, hakikisha wanaandika tarehe na kugonga muhuri.

Lugha. Hapa nitasema wazi, mtu anayeenda na salamu tu anateseka miezi minne ya kwanza. Watoto wa miaka 3 hawajui Kiingereza na hawakupunguzii mwendo. Goethe-Institut, wanaofundisha Kijerumani, iko Dar, kama huwezi kukaa Dar soma kwa simu kila siku lisaa limoja na tafuta mtu hapa mjini aliyewahi kuishi kule muongee. Jifunze Kijerumani cha chekechea kwanza: vaa viatu, nawa mikono, nani kakusukuma, unaumwa wapi. Na saa! Wakisema "halb acht", neno kwa neno ni nusu nane, wanamaanisha saa moja na nusu asubuhi, yani nusu ya kuelekea saa mbili. Mimi siku ya pili nilifika saa mbili na nusu, nimechelewa lisaa zima na mwalimu mkuu kasimama mlangoni.

Kazi yenyewe uielewe kabla hujaondoka. Hutashika chaki. Wewe ni msaidizi, unakaa sakafuni na watoto, unajenga nao matofali ya mbao, unafuta pua, unaimba, unakata matofaa, na mtoto anakuita kwa jina lako, hakuna shikamoo wala "mwalimu". Atakwambia hapana usoni na hapo hapo unatakiwa uchuchumae umuulize kwa nini. Usiguse mtoto kwa kofi, usimfinye, usimvute sikio, hata kwa utani, tangu mwaka 2000 sheria yao inampa mtoto haki ya kulelewa bila ukatili na kwa kosa hilo moja unapoteza nafasi. Sisi tumekua na viboko kwa hiyo mkono unaweza kwenda wenyewe, ndo maana nasema ujizoeze huku huku kwenye Shule ya Jumapili, kaa na watoto 40 bila fimbo uone utatumia nini. Mi nilichokuja kukipenda kwenye ile kazi ni hicho. Picha za watoto usipige wala usiweke status bila ruhusa ya maandishi ya wazazi.

Viza sasa. Ni viza ya muda mrefu, sio ya kutembea, na unaiombea ubalozi wa Ujerumani Dar, jengo la Umoja House. Mkataba na barua ya shirika linalokupokea vinatoka kule kwanza. Usipande basi la usiku ufike asubuhi kwenye intavyu na macho mekundu, lala Dar siku moja kabla.

Kuhusu nyumbani, kaa na wazazi mapema, na wajomba, na mashangazi, uwaambie kwa mdomo wako kwamba hiyo hela ya mfukoni sio mshahara. Usipowaambia, mwezi wa pili simu zinaanza, mara ada ya binamu, mara bati, na wewe unalala na njaa ili utume. Mimi baba ndo alinisaidia, siku ya kuniaga alisimama mbele ya ukoo wote akasema huyu anaenda kuhudumu, asiombwe kitu.

Koti nunua soko la Memorial hapa Moshi, mitumba ya huko ina makoti mazito mazuri kuliko utakayonunua kule, ila viatu vya theluji subiri. Nyama na maziwa usibebe, havipiti forodhani Ulaya, beba vitenge na kahawa. Desemba jua linazama saa kumi jioni na moyo unazama nalo, wiki hizo usijifungie chumbani, nenda mazoezi ya kwaya ya usharika wa pale hata kama huelewi maneno.

Ukishafika una wiki 2 za kujiandikisha anuani yako ofisi ya mji, mwombe mwenyeji akusindikize wiki ya kwanza kabisa, maana hata akaunti ya benki wataomba hiyo karatasi. Baada ya hapo nenda chekechea, kaa chini sakafuni, na kama maneno bado hayaji waimbie wimbo wa Kiswahili wenye kupiga makofi. Wa kwangu waliushika siku tatu tu, wakawa wanauimba mpaka nyumbani kwao.