Kabla hujaziwasha kompyuta kwa mtandao

Seva ya PXE, yaani ile inayoziwasha kompyuta kupitia mtandao badala ya diski, yenyewe haina ugumu. Unaweka dnsmasq (programu inayofanya kazi hiyo), unaonyesha ilipo folda ya TFTP (njia nyepesi ya kutuma faili), na kompyuta isiyo na kitu kwenye diski inaanza kupakia Linux. Balaa huja kwa yale ambayo hayakuangaliwa mapema.

Seva iwe na anwani isiyobadilika. Tumia kebo, Wi-Fi isahau. Swichi, kile kifaa kinachounganisha kebo za mtandao, iwe ya gigabiti, maana kompyuta 20 zikivuta faili la GB 2 kila moja kwenye waya wa megabiti 100, utasubiri karibu saa nzima.

Uliza nani anagawa anwani. Kama ni ruta, usiwashe DHCP (huduma ya kugawa anwani) ya pili. Dnsmasq inaweza kukaa kama proksi, ikatoa maelezo ya kuwakia tu na kuiachia ruta ugawaji. Zikigawa mbili, kompyuta hupokea jibu lililowahi, na ofisi nzima itakupigia kwamba "intaneti imekata".

Jua mashine zako ni za BIOS (programu ya kuwakia ya zamani, iliyo ndani ya kompyuta) au UEFI (ya kisasa). BIOS inataka pxelinux.0, UEFI inataka faili la .efi, na chaguo namba 93 la DHCP ndilo linaloieleza seva nani anaomba. Ukiona kosa la PXE-E32 kwenye kioo, kagua faiawoli: TFTP huanzia poti 69 ya UDP, ila data hupita poti nyingine. Kosa la PXE-E51 mara nyingi ni swichi inayochelewesha tundu la kebo kwa sekunde 30 hivi, washa portfast (mpangilio wa swichi unaoondoa kusubiri huko).

Sasa menyu, ile inayotokea kompyuta ikiwaka kwa mtandao. Hapa nisikilize vizuri.

Chuo kimoja nilichokuwa nawasaidia, fundi alitaka maabara ijiwekee mfumo yenyewe bila mtu kubonyeza. Menyu ikahesabu sekunde tano kisha ikachagua "sakinisha", na faili la majibu (linalojibu maswali ya usakinishaji badala ya mtu) likafuta diski pasipo kuuliza. Maabara ilipendeza kweli. Lakini kompyuta za ofisini zilikuwa kwenye swichi ileile, na siku za nyuma zilishawahi kuwekewa mfumo kwa mtandao, hivyo BIOS zake ziliachwa zikianza na mtandao kabla ya diski. Tena zilipangwa kujiwasha umeme ukirudi. Wikiendi umeme ukakatika. Seva ilikuwa kwenye UPS (betri ya akiba), haikutetereka. Umeme uliporudi usiku, kila kompyuta ikaamka na kuuliza mtandaoni, ikapewa jibu.

Jumatatu mama mhasibu alikuta kioo cheusi kimeandikwa "maabara login:". Fundi akaingia, "Shikamoo mama." Marahaba haikutoka. Aliulizwa tu, "Kijana, ada za wanafunzi ziko wapi?" Nakala ya mwisho ilikuwa kwenye flashi, ya muhula uliopita. Stakabadhi za karatasi ndizo zilizookoa jahazi, na kuziingiza upya ilikuwa kazi ya wiki kadhaa.

Kwa hiyo chaguo la kwanza kwenye menyu liwe kuwaka kutoka kwenye diski, daima. Usakinishaji uombe nenosiri, au orodhesha anwani za MAC (namba za kadi za mtandao) za mashine unazozitaka na nyingine zote uzinyime. Maabara ikae kwenye VLAN yake (mtandao uliotengwa ndani ya swichi). Ukimaliza kusakinisha, rudi BIOS uweke diski mbele, mashine moja baada ya nyingine, hata kama zimejaa ukumbi. Ndiyo, inachosha. Na jaribu kwanza kwa mashine moja ya zamani isiyo na kitu cha mtu.

Mengine unayajua: hifadhi usanidi nje ya seva, andika lebo kwenye kebo, chumba kifungwe, nenosiri alijue zaidi ya mtu mmoja. Na mtu wa usafi aonyeshwe soketi ambayo haichomolewi kwa ajili ya birika.