Jinsi ya kuorodhesha mali za Nation bila kuchanganya Citizen na Citizen

Kila muhula ukikaribia kwisha, saiba yangu hapa Kisauni hujaa wanafunzi wa diploma ya uanahabari. Swali ni lile lile: taja mali za kampuni moja kubwa ya habari, za sasa na za zamani. Karibu wote huchagua Nation Media Group, maana Taifa Leo wamelikuta nyumbani tangu wakiwa wadogo. Basi hukaa kwenye kompyuta, wakanakili orodha ya kwanza waliyoiona, wakaniambia "Anti, nitolee printi," na kuondoka na makosa kumi kwenye karatasi ya shilingi kumi. Kwa kuwa nimechoka kurudia maneno, nayaandika hapa mara moja.

Chukua kaunta buku, uchore safu tano: jina, kampuni inayomiliki, nchi, mwaka wa kuingia, na namna ilivyotoka. Safu ya mwisho iachie nafasi kubwa kuliko zote. Utaona sababu yake.

Usianze na majina ya magazeti. Anza na majina ya kampuni zinazoyachapisha. Kwenye gazeti lolote kuna maandishi madogo, aghalabu chini ya ukurasa, ambayo hakuna anayeyasoma. Humo ndimo mwenye gazeti anamotajwa. Mwananchi na Mwanaspoti yatakupeleka kwa Mwananchi Communications, Tabata Relini, Dar es Salaam. Daily Monitor litakupeleka kwa Monitor Publications, Namuwongo, Kampala. Kampuni hizo mbili ni watoto wa Nation, lakini hawakuzaliwa nyumbani. Monitor lilianzishwa 1992 na waandishi wa Uganda wenyewe, Nation ikaingia 2000. Mwananchi lilianza 2000, nalo likachukuliwa miaka miwili baadaye. The Citizen la Dar lilikuja 2004, tayari likiwa ndani ya nyumba. Kwa hiyo mwaka gazeti lilipoanzishwa na mwaka lilipoingia mikononi mwa Nation ni vitu viwili. Mwanafunzi anayeandika kwamba Nation ilianzisha Monitor amewanyang'anya watu jasho lao.

Hata Taifa lina hadithi ya namna hiyo. Lilianza kama gazeti la wiki la Charles Hayes, Aga Khan, kiongozi wa Waismaili, akalinunua 1959, na 1960 likawa la kila siku kwa jina la Taifa Leo. Daily Nation lilitoka tarehe 3 Oktoba 1960. Yaani la Kiswahili ndilo kaka, la Kiingereza likafuata. Hili huwa nalisema kwa sauti kubwa kidogo, na sitaki radhi.

Sasa ripoti ya mwaka. Nation iliingia Soko la Hisa la Nairobi 1973, na kampuni iliyo sokoni lazima itoe hesabu zake hadharani. Pakua ya karibuni kabisa, ni bure. Kurasa za mbele zenye picha za wakurugenzi wakitabasamu ziruke. Shuka hadi kwenye maelezo ya hesabu, utafute jedwali la kampuni tanzu, yaani wale watoto wa Nation. Kila jina lina nchi yake na asilimia ya hisa pembeni. Asilimia hiyo iandike kwenye daftari hata kama mwalimu hakuiuliza, maana kumiliki kampuni nzima si sawa na kumiliki sehemu yake.

Karibu na hapo utakuta pia kampuni ambazo Nation ina hisa chini ya nusu. Usizichanganye na kampuni tanzu. Mfano ni Property Development and Management, ile yenye Nation Centre, minara miwili ya mviringo pale Kimathi Street. Wanafunzi wangu wote huliandika jengo kama mali ya Nation moja kwa moja kwa sababu jina limebandikwa juu. Mimi nimebandika "Coca-Cola" juu ya mlango wangu, na sina hata kiwanda cha barafu.

Kosa jingine la aina hiyo ni kuingiza hoteli za Serena, benki ya Diamond Trust na bima ya Jubilee. Hao wamehusiana na Nation kupitia mfuko wa Aga Khan wa maendeleo ya kiuchumi, uliokuwa mwanahisa mkubwa wa Nation kwa miaka mingi. Ni ndugu wa baba mmoja, si watoto wa Nation. Nani ana hisa nyingi leo, angalia orodha ya wanahisa kumi wakubwa ndani ya ripoti hiyo hiyo, kwa sababu hisa huhama.

Majina yanayofanana yana mtego wake. The Citizen la Dar es Salaam ni la Nation. Citizen TV ya Nairobi ni ya Royal Media Services, washindani wao. Mwaka mmoja mimi mwenyewe nilimchapia kijana kazi yake nikamsahihishia bila kuombwa: nikalihamisha gazeti la Dar kwa Royal. Alirudi na alama nyekundu ukurasa mzima. Sikumtoza printi ya pili. NTV pia ni mbili, ya Kenya iliyoanza 1999 ikiitwa Nation TV, na ya Uganda iliyokuja 2006. Ziandikie mistari miwili.

Tuingie kwenye mali za zamani, ndiko kazi ilipo. Orodha nyingi huandika "zilizokufa" kisha zikanyamaza. Kiswahili chetu kinatupa maneno bora. Chombo kinaweza kufungwa, na kinaweza kufungiwa. Kufungwa ni mwenyewe kuamua basi. Kufungiwa ni serikali kumtia kufuli, na bado mali ni yake. Mwananchi lilifungiwa siku 14 mwaka 2013. Monitor lilivamiwa na polisi mwaka huo huo, likakaa siku kadhaa bila kutoka. Oktoba 2024 mamlaka ya mawasiliano Tanzania ilisimamisha leseni za mtandaoni za Mwananchi kwa siku 30. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachoingia safu ya "zamani".

Kufungwa kwenyewe kulitokea 2016. Nation ilitangaza kuzima televisheni ya QTV na redio ya QFM, ambazo zilikuwa za Kiswahili, pamoja na Nation FM ya Nairobi na KFM ya Kigali. Hapo kwenye KFM ndipo ninapomshika kila mtu. KFM ya Kampala, 93.3, haikuguswa. Msichana mmoja aliandika "KFM, ilifungwa 2016." Nikamuuliza, "Ipi?" Akanitazama. Nikamfungulia matangazo ya Kampala kwenye kompyuta namba tatu, mtangazaji anacheka hewani. Akavuta kalamu.

Kisha kuna zilizobadili jina, ambazo hazikutoka wala kuingia. Nation FM iliwahi kuitwa Easy FM. Ukiziandika kama stesheni mbili, umeiongezea kampuni mali isiyokuwapo. Usisahau na vitu visivyo habari kabisa: miaka ya mwanzo ya 2010 kulikuwa na Nation Hela, kadi ya kulipia. Kampuni ya magazeti kuuza kadi! Lakini ilikuwa yao, basi iandike.

Ukimaliza, juu ya ukurasa andika tarehe uliyoangalia. Miaka ya kutoka iandike kwa penseli hadi upate ushahidi wa pili, hasa kwa mambo ya kale. Mimi humtuma binamu yangu aliye Nairobi aingie Hifadhi ya Nyaraka za Taifa, Moi Avenue, anipigie picha ya ukurasa wa gazeti. Picha zake hazina mpangilio. Ya mwisho ilikuja imepinda, kidole gumba kimeziba nusu ya kichwa cha habari. Tarehe inasomeka, nikachukua kalamu ya wino.