Chesi kwa karata: namna ya kumfundisha anayeanza

Anayekaa mbele ya ubao wa chesi kwa mara ya kwanza ana hatua 20 za kuchagua kabla hajagusa kete hata moja: 16 za askari na 4 za farasi. Sheria zenyewe kazishika nusunusu, na aliyekaa upande wa pili ni mwalimu wake. Wengi huganda hapohapo. Karata hupunguza mzigo huo: unafunua karata, nayo inakutajia kete ya kusogeza. Ikifunuka karata ya farasi, zimebaki hatua nne tu, na swali lililokuwa "nicheze nini?" sasa ni "farasi anaendaje?" Hilo la pili ndilo somo la siku. Tena bahati humpa mtoto nafasi ya kumfunga mkubwa mara mojamoja, na mtoto aliyeonja ushindi haondoki mezani.

Wazo lenyewe ni kongwe. Mnamo mwaka 1030 hivi, mwanazuoni al-Biruni alieleza sataranji, yaani chesi ya kale, ya watu wanne iliyochezwa India, ambamo dadu ndiyo iliyoamua kete ya kusogezwa. Mwaka 1283, kitabu cha michezo kilichoandikwa kwa amri ya Alfonso wa Kumi, mfalme wa Castile, nacho kilikuwa na sataranji za dadu. Hapa tunatumia karata badala ya dadu, kwa sababu zitakazoonekana chini.

Vifaa

Ubao wa vyumba 64, kete 32, na karata za kawaida 52 bila majokeri. Kama kete hakuna, vizibo vya soda vinatosha: 16 vya rangi moja na 16 vya nyingine, kila kimoja kimebandikwa karatasi yenye picha au herufi. Ubao wa drafti wenye vyumba 64 unafaa, ila kumbuka chesi huchezwa kwenye vyumba vyote, vyeusi na vyeupe. Uweke ili kila mchezaji awe na chumba cheupe kwenye kona ya mkono wake wa kulia. Malkia hukaa kwenye rangi yake: mweupe kwenye cheupe, mweusi kwenye cheusi. Makosa ya kupanga ni mengi kuliko unavyodhani, hata kwa wanaojiona wanajua.

Kopa, uru, pau na shupaza hazina kazi hapa. Kinachotazamwa ni namba au herufi:

- 2, 3, 4 na 5: askari (karata 16)
- 6 na 7: farasi (8)
- 8 na 9: askofu (8)
- 10 na J: ngome (8)
- Q: malkia (4)
- K: mfalme (4)
- A, yaani ree: kete yoyote unayotaka (4)

Andika orodha hii kwenye kipande cha manila na ukiweke kando ya ubao. Kwa watoto wasiojua kusoma, kata karata zako mwenyewe: karatasi moja ya A4 ya manila hutoa karata tisa, tatu kwa tatu, kila moja ikiwa na upana wa sentimita 7 na urefu wa karibu 10. Karatasi sita zitatoa 54, mbili zikiwa akiba ya zitakazopotea. Chora kete yenyewe badala ya namba.

Changa vizuri. Baada ya mchezo karata za askari huwa zimekusanyika, na mchango wa harakaharaka huziacha hivyohivyo. Matokeo yake mtu anafunua karata sita za askari mfululizo na kusema mchezo mbovu. Kwa mikono midogo, njia rahisi ni kuzimwaga mezani kifudifudi na kuzikoroga kwa viganja kwa dakika nzima.

Usiweke kete zote siku ya kwanza

Uzuri wa mpango huu ni kwamba rundo la karata hukua pamoja na kete. Kila ngazi ichezwe mpaka mwanafunzi aache kutazama kile kipande cha manila.

Mchezo wa kwanza una askari na wafalme peke yao. Rundo lina 2 hadi 5, K na A, jumla karata 24. Kila mmoja kwa zamu yake hufunua karata ya juu na kusogeza kete inayotajwa. Anayefikisha askari wake mstari wa nane kwanza ameshinda. Askari ndiye kete yenye vituko kuliko zote: anakwenda mbele lakini anakula kwa mshazari, anaweza kuruka vyumba viwili katika hatua yake ya kwanza tu, na harudi nyuma kamwe. Ndiyo maana tunaanza naye, akili ikiwa bado haijachoka. Ikiwa askari wako wote wamezibwa na karata iliyofunuka ni yao, zamu imepita. Mfalme anaruhusiwa kula askari asiyelindwa, lakini tangu mchezo huu wa kwanza sheria ni moja: mfalme haingii chumba kinachotishwa, na mfalme haliwi.

Mchezo wa pili huongeza ngome (10 na J, rundo linafika 32). Sasa lengo ni chekimeti, yaani kumtisha mfalme wa mpinzani mpaka asiwe na njia ya kuokoka. Askari akifika mwisho hupandishwa kuwa ngome, kwa kuwa karata ya malkia bado haijaingia. Wa tatu huongeza maaskofu, karata 40. Wa nne farasi, 48. Malkia huja mwisho, kwa makusudi: aliyeshika mwendo wa ngome na wa askofu hana jipya la kujifunza kwa malkia isipokuwa kwamba anakwenda kama wote wawili.

Wanaotoka kwenye drafti wanahitaji jicho la pekee. Watakula kwa kuruka juu ya kete, ilhali katika chesi unakula kwa kuingia chumba cha unayemla. Watauliza kwa nini hukuadhibiwa ulipoacha kula. Waambie kula si lazima. Na watataka ngome iruke kama kingi wa drafti. Kwenye chesi farasi peke yake ndiye anayeruka.

Cheki hufuta karata

Hapa ndipo michezo mingi ya aina hii huharibika. Mfalme akiwa kwenye cheki, yaani anatishwa na kete ya mpinzani, na karata iliyofunuka ni ya ngome isiyoweza kusaidia, inakuwaje? Wengine huamua mfalme aliwe tu. Ni rahisi, lakini inamfundisha mtu sheria ambayo baadaye atalazimika kuisahau. Afadhali hivi: mchezaji aliye kwenye cheki hafunui karata wala hatumii aliyonayo. Ana uhuru wa kumsogeza mfalme, kuziba njia, au kumla anayetisha, kwa kete yoyote. Asipoweza hata kimoja, ni chekimeti na mchezo umekwisha.

Kuna ubishi mmoja utatokea, kwa hiyo ujibu mapema. Mtoto atasema: "Huna karata ya askofu, kwa hiyo mfalme wangu hayuko kwenye cheki." Yuko. Kitisho kwa mfalme hakihesabu karata, na mfalme haruhusiwi kuingia njia ya askofu hata kama mwenye askofu ana karata za askari tupu.

Jingine la kutenganisha ni zamu kupita na sare. Kwenye mchezo wa karata, kukosa pa kwenda kwa sababu ya karata ni zamu iliyopita tu. Kwenye chesi yenyewe, mchezaji asiye na hatua halali hata moja, huku mfalme wake hayuko kwenye cheki, mchezo ni sare papo hapo. Panga mfano ubaoni (herufi ni safu, a hadi h kutoka kushoto kwa mweupe; namba ni mstari, 1 hadi 8 kutoka upande wake): mfalme mweusi kona ya a8, malkia mweupe b6, mfalme mweupe kwake e1, zamu ya mweusi. Mwache mwanafunzi atafute hatua. Hakuna.

Kete zote zikiingia, karata moja haitoshi

Karata moja ya juu inafaa kete zikiwa chache. Kete zote 32 zikipangwa, mambo hubadilika ghafla: mwanzoni ngome, maaskofu, malkia na mfalme wote wamefungiwa nyuma ya askari. Karata zao ni 24 kati ya 52. Yaani karibu nusu ya zamu za mwanzo zinapotea bure, na hapo ndipo watu huchoka.

Dawa ni kushika karata tatu. Uwezekano wa zote tatu kuwa garasa mwanzoni hushuka mpaka kama mara 9 katika 100. Utaratibu:

1. Kila mchezaji agawiwe karata tatu, aziweke wazi mbele yake.
2. Kwa zamu yako, chagua karata moja, cheza kete yake, itupe kwenye rundo la zilizotumika.
3. Vuta nyingine mara tu baada ya kucheza, si mwanzo wa zamu ijayo.
4. Kama zote tatu hazichezeki, zitupe zote, vuta tatu mpya, jaribu tena. Zikikataa mara ya pili, zamu imepita.
5. Rundo likiisha, changa zilizotumika na uendelee.

Kuziweka wazi na kuvuta mwisho wa zamu si urembo. Ubaya mkubwa wa bahati kwenye chesi ni kwamba humzoesha mtu kuacha kete zake hatarini: "Ngome yangu inatishwa, lakini huenda hatapata karata." Akizoea hivyo, siku karata zikiondoka atanyang'anywa kete hadi abaki na mfalme mtupu. Karata zikiwa wazi, hakuna cha kubahatisha kuhusu jibu la mpinzani. Unaona ana 8, 3 na Q. Basi kabla hujasogeza, tazama askofu wake, askari wake na malkia wake wanaweza kula nini. Hilo ndilo swali ambalo mchezaji wa chesi hujiuliza kila hatua, ila hapa anaulizwa kuhusu kete za aina tatu badala ya sita. Karata zikifichwa, faida hiyo yote inapotea.

Ree, kwa kuwa inaruhusu kete yoyote, watoto huigeuza turufu: huishikilia mchezo mzima wakingoja. Waache. Kujua lini pa kuitumia ni nusu ya somo.

Sheria tatu zinazosumbua

Kumwingiza mfalme ngomeni, yaani ile hatua ambayo mfalme anasogea vyumba viwili na ngome inahamia upande wake wa pili, hutumia karata ya K au ree. Karata ya ngome haikubaliki. Kwa sheria za FIDE, shirikisho la chesi la dunia, hatua hiyo ni ya mfalme, na mfalme ndiye anayesogezwa kwanza. Kuifungia kwenye K kunalikaza hilo kichwani. Masharti yabaki yaleyale: mfalme na ngome hiyo hawajawahi kusogea, hakuna kete kati yao, mfalme hayuko kwenye cheki, hapiti chumba kinachotishwa wala haishii kwenye kimoja.

Askari kula njiani, yaani kumla askari aliyeruka vyumba viwili na kutua ubavuni mwa wako kana kwamba amesogea kimoja, ni haki ya zamu moja tu, inayofuata mara baada ya mruko huo. Wakati wa karata moja ya juu, iache kabisa. Kwa wengi wanaoanza inachanganya bila faida. Iingize kwenye karata tatu. Asiye na karata ya askari wala ree, haki yake imekwenda na hairudi.

Askari anayepandishwa cheo si lazima awe malkia, na malkia wa pili anaruhusiwa hata kama wa kwanza bado yupo. Ukikosa malkia wa akiba, weka kizibo chenye alama. Usimzoeshe mtu kupindua ngome na kuiita malkia: mashindanoni ngome iliyopinduliwa huhesabiwa kuwa ngome.

Kama karata hakuna

Dadu hufanya kazi, ila kwa shida. Ukigawa 1 askari, 2 farasi, 3 askofu, 4 ngome, 5 malkia, 6 mfalme, mwanzoni namba 1 na 2 tu ndizo zinazochezeka, kwa hiyo mirusho minne kati ya sita ni hasara. Gawa hivi: 1 na 2 askari, 3 farasi, 4 askofu, 5 ngome, 6 malkia au mfalme. Nusu itachezeka. Tatizo linalobaki ni kwamba dadu haina kumbukumbu: inaweza kukunyima farasi mchezo mzima, wakati rundo la karata lazima litoe nane zake kabla halijaisha.

Kuziondoa

Karata hazikai muda mrefu. Mwanafunzi akicheza michezo miwili mfululizo bila hatua haramu na akitangaza cheki mwenyewe, mpe karata tano badala ya tatu. Michezo michache baadaye, tumia karata kwa hatua kumi za mwanzo za kila upande, kisha ziwekwe kando na mchezo uendelee kama kawaida. Kete zitakuwa zimeshatoka, nafasi itakuwa ya ajabuajabu, na hakuna atakayecheza kwa kukariri. Kuanzia hapo acha karata nyumbani.

Isipokuwa kwa matumizi mamoja: mkubwa anayecheza na mdogo. Badala ya mkubwa kutoa malkia wake au kujifanya anakosea, yeye acheze kwa karata tatu na mdogo acheze huru. Mkubwa akikabwa na cheki, kanuni ya cheki inabaki: karata zinafutwa kwa zamu hiyo. Pengo likipungua, mwongezee ya nne, halafu ya tano.