Mashine inafua lakini haikamui: itengeneze mwenyewe

Masika yakishika Dar es Salaam, kuanzia Machi mpaka Mei, simu yangu haipoi. Nguo hazikauki kwenye kamba, kila mwenye mashine ya matangi mawili anategemea lile tangi dogo la kukamulia, na ndilo linalogoma. Upande wa kufulia unazungusha vizuri tu. Ila nguo zinatoka zinachuruzika, unazianika leo, kesho kutwa bado mbichi na zimeshaanza kunuka.

Nikifika kwa mteja, mara nyingi hukumu imeshatoka. "Fundi, mota imeungua, nitajie tu bei ya mpya." Mama, imefunguliwa ikaonekana? "Hapana, jirani kaisikiliza." Basi naomba tuelewane hapa mapema: usikubali kununua mota kwa kusikiliza. Kabla ya mota kuna soksi iliyonasa, kuna waya wa breki, kuna swichi ya mfuniko, kuna kapasita (kifaa kinachohifadhi chaji na kuisaidia mota kuanza), kuna sili (mpira unaozuia maji yasivuje). Vyote hivyo vinaweza kulizuia kapu, lile la ndani ya tangi linalobeba nguo, lisizunguke au kuliharibia mwendo, na vyote unaweza kuvishika kwa mkono wako mwenyewe nyumbani.

Sauti ina kazi yake lakini. Inakuonyesha uanzie wapi. Acha kapu tupu, funga mfuniko, zungusha taima ya kukamulia, kisha tega sikio. Kuna mashine itakayokaa kimya kabisa. Kuna itakayonguruma bila kapu kusogea. Hiyo izime palepale, maana mota iliyozuiwa huku umeme unaingia hupata joto haraka, na hapo ndipo ile mota nzima inapoungua kweli. Na kuna itakayozunguka lakini kwa kelele, kwa kuyumba, au huku maji yanavuja chini.

Ukishajua iko kundi gani, chomoa plagi. Usiniambie umezima swichi ya ukutani. Nyumba nyingi nilizoingia soketi zimeunganishwa kinyume, swichi inakata nyutro (waya unaorudisha umeme) na umeme unabaki umeingia kwenye mashine. Chomoa plagi, iweke juu ya mashine unapoiona, mwaga maji yote, vaa viatu, simama pakavu. Andaa bisibisi ya nyota, spana namba 8 na namba 10, plaizi, tochi na multimita (kifaa cha kupimia umeme). Kava la nyuma hushikwa na skrubu chache. Ukilifungua tu, piga picha ya nyaya kwa simu kabla hujagusa hata mmoja, kwa sababu rangi zake hazifanani kati ya mashine na mashine.

Tuanze na iliyokaa kimya. Chini ya paneli ya juu, karibu na bawaba ya mfuniko wa kukamulia, kuna swichi yenye vibati viwili vyembamba. Mfuniko ukifungwa vinagusana na umeme unapita, ukifunguliwa vinaachana. Hewa yetu ya pwani ina chumvi, na vibati hivyo hufanya kutu ya kijani mpaka vinagusana lakini umeme haupiti. Visugue kwa msasa laini, vinyooshe vikutane sawasawa, halafu pima kwa multimita ikiwa kwenye kipimo cha mlio: mfuniko ukiwa umefungwa ilie, ukifunguliwa inyamaze. Kama swichi ni nzima, pima taima, kisha fuata nyaya mpaka chini ukiwa na tochi. Mashine nyingi za aina hii ziko wazi chini na panya huingia.

Kuna mafundi wanaoona swichi ya mfuniko imekufa, wanaunganisha nyaya zake mbili moja kwa moja na kuondoka. Usikubali, na kama ni wewe unayetengeneza, usifanye. Kapu hilo huzunguka mara elfu moja na zaidi kwa dakika. Mtoto akifungua mfuniko huku linazunguka na kushika mkono wa shati uliochungulia, shati linamvuta. Swichi mpya si bei ya kukufanya uweke mkono wa mtoto rehani.

Sasa ile inayonguruma tu. Plagi ikiwa nje, ingiza mkono na ulizungushe kapu taratibu. Mfuniko ukiwa wazi breki huwa imeshika, kwa hiyo mwambie mtu aachilie breki kwa kuvuta mkono wa chuma wa breki kule nyuma. Kapu likizunguka laini, tatizo liko kwenye waya wa breki au kwenye umeme. Likiwa zito au likikwama mahali, kuna kitu kimelishika.

Cha kwanza kukishuku ni nguo ndogo. Soksi ya mtoto, leso, au waya wa sidiria uliopenya kwenye tundu hushuka kati ya kapu na tangi la nje, ukajiviringisha chini. Mulika tochi pembeni mwa kapu. Pinda waya mgumu uwe ndoano, nasa, kisha zungusha kapu kinyume huku unavuta pole pole. Usivute kwa nguvu, maana chini kabisa kuna sili ya mpira na ikichanika umejiongezea kazi kubwa.

Kama hakuna kitu, au kapu lilizunguka laini, nenda kwenye breki. Hapa nataka ukae chini kabisa na utazame, kwa sababu ndipo watu wengi wanapopoteza hela bure. Nyuma ya mashine, upande wa kukamulia, utaona mota imekaa juu ya springi tatu. Juu ya mota kuna gurudumu dogo lililounganishwa na shafti (fimbo ya chuma) ya kapu. Pembeni ya gurudumu kuna mkono wa chuma wenye pedi ya breki, na springi inayoivuta pedi iligandamize gurudumu. Kutoka kwenye mkono huo unapanda waya mwembamba mpaka kwenye mfuniko. Mfuniko ukifungwa, waya unavutwa juu na pedi inaachia. Mfuniko ukifunguliwa, springi inairudisha pedi na kapu linasimama. Waya ukirefuka kidogo kwa miaka ya kuvutwa, pedi haiachii tena sawasawa. Mota inasukuma, breki inashika, wewe unasikia mngurumo, jirani anasema mota imeungua.

Mwambie mtu afunge na kufungua mfuniko huku wewe unamulika pedi. Mfuniko ukifungwa lazima uone upenyo wa wazi kati ya pedi na gurudumu, unaopitisha mwanga. Kama hauonekani, angalia pale waya unaposhikizwa: kuna kibati chenye matundu kadhaa. Hamisha ndoano ya waya tundu moja ili waya ukaze, upime tena. Mara nyingi kazi inaishia hapo, bila kununua kitu. Waya uliokatika nunua mwingine wa breki wenyewe. Wapo kwenye maduka ya vipuri Kariakoo, nenda na ule wa zamani mkononi mlinganishe urefu. Waya wa kufungia nondo haufai, unapinda mara chache tu unakatika. Ukimaliza, hakikisha na upande wa pili: mfuniko ukifunguliwa kapu lisimame ndani ya sekunde chache. Ukikaza waya kupita kiasi breki haitashika kabisa, na hiyo ni hatari ileile ya mkono wa mtoto.

Kapu likizunguka laini kwa mkono na breki inaachia vizuri, lakini mota inanguruma tu, pima kapasita. Mara nyingi ni kisanduku cha plastiki chenye nyaya, na mashine nyingi hutumia kimoja chenye kapasita mbili ndani: namba kubwa ni ya mota ya kufulia, ndogo ya kukamulia. Utaona kwa mfano 10 na 5, kwa kipimo cha mikrofaradi, na volti 450. Kabla ya kuishika imalize chaji: chukua balbu ya zamani ya waya iliyo kwenye holda, gusisha nyaya zake mbili kwenye ncha za kapasita kwa muda. Kisha chomoa nyaya za kapasita na uipime. Iliyoandikwa 5 ikikupa 3, imechoka, badilisha. Weka mikrofaradi zilezile na volti zilezile au zaidi. Usidanganywe kwamba kubwa itaongeza nguvu. Itaongeza umeme kwenye koili ya kuanzishia na kuipasha moto mpaka iungue.

Baada ya yote hayo ndipo upime mota. Ina nyaya tatu. Pima kila jozi kwa omu (kipimo cha ukinzani), utapata namba tatu. Mbili ndogo ukizijumlisha zinakaribia ile kubwa. Jozi isiyosoma chochote inamaanisha koili imekatika. Kisha pima kila waya na mwili wa mota: hapo isisome kabisa. Ikisoma, usiwashe mashine tena, inaweza kukupiga umeme. Ikiwa mota imepita vipimo hivi, wewe na jirani mtafute jambo lingine.

Sasa maji yanayovuja na mlio wa chuma. Shafti ya kapu inapita chini ya tangi ndani ya sili ya mpira yenye bushi (kipande kinachoishika shafti inapozunguka) katikati. Sili ikichoka, maji yanadondokea gurudumu la breki na mota, na hapo ndipo mota inapoanza kufa polepole kwa kutu. Kwa hiyo usiahirishe. Legeza boliti mbili za gurudumu la breki, ambazo kwa kawaida zina nati za kufungia. Anza na nati hizo, maana ukilegeza boliti kabla ya nati hazitoki. Zikiwa zimekula kutu, zinyunyizie mafuta ya kupenya na uzisubiri, usizilazimishe ukavunja kichwa. Nyanyua kapu juu, litoke na shafti yake. Futa shafti, ipitishe kidole: ikiwa na mikwaruzo mikali itaila sili mpya, isugue kwa msasa laini mpaka iteleze. Toa sili ya zamani, safisha pale ilipokaa mpaka pang'ae, paka grisi isiyoyeyuka kwa maji ndani ya sili mpya, ikaze mahali pake sawasawa. Shusha kapu ukilizungusha kidogo ili shafti isiukunje mdomo wa sili. Kwenye shafti kuna tundu au ubapa. Ncha ya boliti lazima iingie hapohapo, la sivyo kapu litateleza siku ya kwanza yenye mataulo.

Kuyumba kwa kawaida ni upakiaji. Jinzi moja peke yake upande mmoja itarusha mashine. Panga nguo zote kuzunguka kapu, zigandamize, weka kile kifuniko cha ndani chenye matundu. Ikiyumba hata ikiwa tupu, angalia zile springi tatu na boliti za gurudumu.

Kabla ya kufunga kava, mimina jagi la maji kwenye kapu lililosimama, mulika chini. Kukiwa kukavu, fungia kava, rudisha plagi, kamua likiwa tupu, kisha na mataulo mawili yaliyolowa. Bomba la maji machafu lilaze chini kabisa mpaka kwenye mfereji, usiliinue kwenye sinki: nyingi za mashine hizi hazina pampu, maji yakirudi kwenye tangi kapu linazungukia ndani ya maji.